Mguu wa Kushoto Usiokua

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Kabla hata sijakusalimu, niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nikitanguliza salamu nitaona aibu na nitalimeza. Ninakiogopa kiti chako.

Haya, shikamoo. Sisi hatujambo. Mama anaendelea na ushonaji wake, sasa ana cherehani ya pili, na chumba cha mbele kimejaa vitambaa hadi wageni wanakaa na magauni ya watu mapajani. Baba bado yuko kiwanda cha magodoro. Mimi nimebadilishiwa miwani na darasani nimekuwa wa tatu, ila hesabu nimekosa swali moja la kijinga ambalo sitaki kulizungumzia. Mdogo wangu Kiberiti amerefuka ghafla. Suruali zake zote zimekuwa za kuvukia mto, na bado anabishana na kila mtu kama zamani, sema sasa anabishana kutoka juu.

Simu hupokei, ndiyo maana naandika.

Mwezi uliopita Kocha alinifuata maktaba, akasimama katikati ya rafu na filimbi yake shingoni, akaniuliza kwa sauti ya uwanjani, "Wewe si ndiye uliyekuwa unakaa stoo na mjomba wako, enzi zile?" Watu wote waligeuka. Nikaitikia kwa kichwa tu. Akasema tangu ulipohama hakuna anayejua kupima miguu ya vijana, na muhula huu ukiisha atapeleka majina kwenye kile chuo kikubwa cha soka, na huko hawampokei kijana bila vipimo vya miguu yake. Nikakubali ili aondoke. Kwa hiyo kila Jumatano baada ya masomo niko stoo, kati ya nyavu na koni na mipira iliyopasuka, nyuma ya kiti chako. Mahali penyewe napapenda, maana ukikaa nyuma ya kiti hakuna anayekutazama.

Kiberiti anakitaka chuo hicho kuliko anavyotaka kula. Viatu vyake vya mpira anavilaza kitandani.

Nimefuata yote uliyonifundisha. Kiti hakisogezwi. Saa haibadiliki. Kila mtoto apashe misuli kwanza, aegemeze mgongo, mikono ifumbate kifua, mkanda ukae vidole viwili juu ya kifundo, mnyororo unyooke kutoka mkanda hadi mizani ya ndoano nyuma ya kiti. Asukume mbele kwa mguu kama anayepiga mpira, nami nisome mshale ulipofika. Mara tatu kila mguu, na apumzike katikati. Nisimshangilie mmoja nikamnyamazia mwingine. Na wote wanayumba kidogo, kama ulivyosema. Bata, yule golikipa anayetembea miguu nje, alisukuma kilo ishirini na nane, kisha thelathini na moja, kisha thelathini. Nakumbuka maneno yako: mguu wa mtu aliye hai haurudii jibu lake neno kwa neno.

Mjomba, mguu wa kushoto wa Kiberiti unarudia. Thelathini na nne. Thelathini na nne. Thelathini na nne. Jumatano iliyofuata, vilevile. Wa kulia unacheza kama wa wenzake, na unapanda kadiri anavyokua. Wa kushoto umesimama.

Na kuna mkanda. Nikimaliza kazi huuacha wazi juu ya mkono wa kiti, ngozi ipate hewa. Jumatano nikifungua mlango naukuta umefungwa. Umefungwa kwenye lile tundu la ndani kabisa, ulilotoboa kwa msumari kwa ajili ya mguu mwembamba wa kaka Ngazi. Samahani kumtaja. Najua tangu mwanao atutoke na wewe kuhama, jina lake halitajwi kwetu. Lakini hakuna mguu mwingine unaotosha kwenye tundu hilo, na ufunguo ninao mimi na Kocha peke yetu. Kocha anasema ni panya.

Panya wa kufunga mkanda, mjomba?

Mpwa wako,
Miwani


24 Februari

Miwani,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza bila kukaa. Mama yako na cherehani mbili! Mwambie akipata ya tatu anishonee shati, lile alilonishonea limebaki kola. Baba yako mpe pole ya kazi. Na swali la hesabu ulilokosa nataka kulijua, usinifiche, mimi ni mjomba wako si mkaguzi wa shule.

Mimi nipo. Huku niko karakana ya miguu ya bandia. Tuna meza ndefu, mashine ya kusaga plastiki inayopiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa, na ukutani miguu imening'inia, mingine haina wenyewe bado. Kazi kubwa ni watoto. Mtu mzima ukimtengenezea mguu mara moja unamsahau. Mtoto anarudi. Mguu wake mzima umerefuka na huu wetu uko palepale, basi anaingia mlangoni anayumba, tunaurefusha, anaondoka, anarudi tena. Nimewazoea. Nikisikia hatua zao kwenye korido najua ni nani na amekua kiasi gani.

Sasa kiti. Kitu cha kwanza unapopata jibu la ajabu ni kukishuku chombo, si mtu. Jaza ndoo maji lita kumi, ning'iniza kwenye mizani, usisahau uzito wa ndoo yenyewe. Mshale ukisema kweli, ongeza ndoo ya pili. Halafu angalia mnyororo kama haunasi kwenye mguu wa kiti. Pete moja ikinasa pembeni, mtoto anasukuma chuma badala ya mizani, na chuma hakichoki wala hakibadiliki. Huenda ndiyo siri yote.

Kuhusu mkanda, ngozi ikikauka hujikunja. Ipake mafuta.

Kocha mwambie panya anayefunga mikanda amsajili, ni kiungo mzuri.

Kiberiti analala vizuri?

Mjomba wako


15 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na asante kwa kunijibu. Nilidhani utanicheka. Mama amecheka habari ya kola, kisha akasema nikuandikie kwamba shati utashonewa ukija mwenyewe kupimwa, yeye hashonei watu wa kwenye barua. Baba amepata mafua ya vumbi la magodoro lakini anaendelea vizuri. Swali la hesabu lilihusu wastani. Ndiyo. Mimi, ninayepima watu kila Jumatano, nimekosa swali la wastani. Ucheke tu.

Nimefanya ulivyosema. Ndoo moja, mizani imesema kweli. Ndoo mbili, kweli tena. Bata alinisaidia kuning'iniza na akajimwagia, sasa anasema amebatizwa. Mnyororo nimeupitisha mkononi pete baada ya pete. Haunasi. Ngozi nimeipaka mafuta.

Kisha nikajaribu mambo mengine ambayo hukunifundisha, nisamehe. Nilimpima Kiberiti wa kwanza badala ya wa mwisho. Nilimfumba macho. Nilimwambia mara moja asukume nusu ya nguvu tu, makusudi, nione. Mshale ukaenda thelathini na nne na kusimama.

"Nimekwambia nusu," nikasema.

"Nimesukuma nusu!"

"Basi sasa sukuma yote."

Akasukuma hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Thelathini na nne.

Wenzake waliangua kicheko, wakaanza kumwita Mashine. Yeye akacheka nao, unamjua, akakimbia kuzunguka stoo akitoa mlio wa treni. Lakini tulipobaki wawili, nikikunja nyavu, aliniambia jambo bila kunitazama. Alisema akisukuma mguu wa kushoto, kuna mtu anamshika kifundo kutoka nyuma. Nikamwambia ni mkanda huo. Akasema mkanda anaujua, mkanda unabana kote. Huyu anashika kwa mkono mmoja. Haumizi. Anashika kama unavyomshika mtoto barabarani gari likipita.

Nyuma ya kiti huwa nipo mimi, mjomba. Mikono yangu ina kalamu na ubao wa kuandikia.

Ngozi yenye mafuta nimeikuta tena imefungwa kwenye tundu la msumari. Nimeingiza vidole ndani ya duara lake. Ilikuwa na joto kidogo, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Najua stoo ina dirisha upande wa jua. Nimejiambia ni jua.

Nifanye nini zaidi?

Miwani


6 Aprili

Miwani,

Marahaba. Poleni na mafua ya magodoro. Mwambie baba yako afunge kitambaa puani, hata kama wenzake watamwita jambazi. Mama yako mwambie nimesikia. Nitakuja kupimwa. Sijui lini.

Nimefikiria jambo. Ulisema unaweka mkanda vidole viwili juu ya kifundo. Vidole vya nani? Nilipokufundisha ulikuwa mtoto, vidole vyako vilikuwa kama penseli. Nawe umekua, si hao wachezaji peke yao. Vidole viwili vya leo si vidole viwili vya miaka ile. Mkanda ukipanda kuelekea goti, mguu uleule unaonekana una nguvu zaidi. Ukishuka, unaonekana dhaifu. Unapima kitu kinachokua kwa kitu kinachokua! Kosa hilo ni la familia yetu tu, nilipaswa kukukatia kibao tangu mwanzo. Chukua kipande cha ubao, kikate upana mmoja, ukitumie kwa kila mtoto, kila Jumatano. Na urefu wa ugoko wa kila mmoja upimwe kila mwezi, maana wanarefuka usingizini, ukiuacha mkanda palepale utakuwa unampima mtoto wa mwezi uliopita.

Badilisha mkanda pia. Badilisha na mizani ikibidi, mwambie Kocha anunue. Kiti kiangalie kama skrubu za sakafuni hazijalegea. Mgongo wa kiti uwe wima. Goti likunjwe pembe mraba, tumia kona ya daftari kuhakikisha. Mtoto asiwe na kiu. Asiwe ametoka kucheza. Asiwe na viatu.

▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬▬

Samahani kwa mstari niliofuta, mkono umeteleza.

Hukunijibu. Analala?

Mjomba wako


27 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Baba amepona na kweli amefunga kitambaa, na kweli wanamwita jambazi. Mama hajambo. Jirani yetu mwenye duka la vipuri amejifungua pacha na usiku mtaa mzima tunalea. Habari nyingine za nyumbani ni zilezile.

Ulisema kweli kuhusu vidole. Niliona aibu sana, kisha nikafurahi. Nimekata kibao, nimekisugua kwa msasa, na vipimo vya watoto karibu wote vimetulia. Bado vinayumba, lakini vinayumba kwa adabu. Kocha amefurahi akaniita Daktari mbele ya timu nzima nikatamani sakafu inimeze.

Wa kushoto wa Kiberiti ni thelathini na nne.

Skrubu zimekaza. Goti ni mraba. Viatu amevua. Kocha amenunua mizani mpya na mkanda mpya, wa turubai, una matundu matano yenye pete za chuma. Mkanda wa zamani nimeuzungusha gazeti nikauweka kabatini. Jumatano iliyofuata nimefungua stoo. Mkanda mpya umefungwa. Nimehesabu matundu, yako sita. La sita halina pete. Limetobolewa ndani kabisa, nyuzi za turubai zimesukumwa upande mmoja, kama kwa msumari.

Nimemwonyesha Kocha. Aliugeuza mkononi muda mrefu, kisha akasema, "Kiwandani wanazembea siku hizi." Ila tangu siku hiyo haingii stoo, anasimama mlangoni na kuniita.

Mjomba, naomba nikuulize, na ukiona swali halina adabu unisamehe. Kaka Ngazi aliugua nini? Mimi nilikuwa mdogo, nilipelekwa kwa shangazi, niliporudi mambo yalikuwa yamekwisha. Namkumbuka akiwa mrefu, akiinama kupita mlangoni, akinibeba begani niguse taa. Nikimuuliza mama, anaanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Na mstari ulioufuta niliuweka kwenye kioo cha dirisha. Nimesoma maneno mawili tu: "mara tatu".

Kuhusu kulala siwezi kukujibu. Nimeahidi mtu. Ahadi yenyewe naiona nzito lakini nikiivunja kuna mtu atakosa kitu anachokitaka kuliko vyote.

Miwani


23 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yangu ya mwezi uliopita imefika? Huwa hukawii hivi. Kama nimekuudhi kwa kumtaja kaka Ngazi, nisamehe. Wote hawajambo.

Jumatano ijayo ndiyo ya mwisho, kisha Kocha anapeleka majina. Ameshaniambia ataandika vipimo vya Kiberiti kama vilivyo, maana thelathini na nne si kilo mbaya kwa umri wake. "Wenye chuo watampenda," anasema. "Kijana asiyeyumba!"

Sijui kwa nini sentensi hiyo inanitisha.

Miwani


29 Mei

Miwani,

Barua yako ya Aprili ilifika. Nilikuwa nayo mfukoni muda wote huu.

Ngazi, mguu wa kushoto. Thelathini na nne. Nilibadilisha mkanda mara tatu. Nilibadilisha mizani. Nilikaza skrubu. Kila nilichokibadilisha kilikuwa kwenye kiti.

Mpelekeni Kiberiti hospitali. Goti la kushoto lipigwe picha, hata kama anacheka, hata kama anakimbia kuwashinda wote. Usimpime tena.

Mwambie mama yako. Hatakuuliza kwa nini.

Mjomba


2 Julai

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika, na barua yako niliisomea kwenye benchi la hospitali. Baba alikuja nayo mfukoni, imekunjika, ina vumbi la magodoro. Kwa hiyo ujue kwamba tulikuwa tumeshakwenda kabla haijafika. Nakueleza ilivyokuwa, kwa mpangilio, kwa sababu naona ukijua utapumua.

Jumatano ile ya mwisho watoto walikuwa na furaha kupita kiasi. Bata alikuwa anaagana na kiti, anakipa mkono. Kiberiti alikaa wa mwisho. Nilimfunga mkanda mimi mwenyewe, tundu la tatu, kama kawaida yake. Nilitumia kibao. Nikaenda nyuma.

"Sukuma."

Hakusukuma. Nikamwona ameinamisha kichwa, anauangalia mguu wake.

"Mashine imekwisha mafuta," Bata akasema, na wenzake wakacheka.

"Kaeni kimya," nikasema. Mjomba, nilisema kwa sauti, mbele ya watu.

Kiberiti akasema polepole, "Dada, leo haniachii."

Nikaenda mbele nikapiga magoti nimfungue. Mkanda haukuwa tundu la tatu. Ulikuwa tundu la sita, lile la msumari, na ulikuwa umemkaa sawasawa. Haukuacha nafasi. Haukumbana. Tundu la kaka Ngazi lilikuwa linamtosha mdogo wangu.

Hapo ndipo nilipokiacha kiti nikautazama mguu. Sikuwa nimeutazama hata mara moja, mjomba. Miezi yote hiyo nilikuwa naangalia mshale. Nilizungusha vidole vya mikono yangu miwili kwenye shavu la mguu wake wa kulia, havikukutana. Nikazungusha la kushoto, vikakutana na kupishana. Na upande wa ndani wa goti, nilipopitisha kidole gumba, kulikuwa na mahali pagumu, na yeye akavuta pumzi kwa meno.

"Uliniahidi," akaninong'oneza.

Ni kweli nilimwahidi. Hiyo ndiyo ahadi niliyokuficha: Kiberiti alikuwa halali. Tangu mwaka uanze goti lilikuwa linamwamsha, anakaa sakafuni ameliegemeza kwenye ukuta wa baridi, na aliniapisha nisimwambie mtu kwa sababu Kocha angemwondoa. Mama alipomwona anachechemea asubuhi alisema ni mifupa inarefuka. Nami nilipenda kuamini, kwa kuwa suruali zilikuwa zinafupika kweli.

Wewe uliniuliza mara mbili, nami sikujibu. Mimi nilikuuliza mara moja, nawe hukujibu. Nimelifikiria sana hilo, lakini sitaki kulisema zaidi.

Nilimwambia Kocha, "Huyu hapimwi." Akasema kutoka mlangoni, "Daktari, nahitaji kipimo chake leo." Nikasema, "Andika kwamba hana." Nikaufungua mkanda, nikauweka juu ya mkono wa kiti, nikamwinua Kiberiti nikamtoa nje, ananitukana njia nzima, na nusu ya njia alinitukana akiwa ameegemea bega langu.

Mama alikuwa anashona. Nikasimama mlangoni nikasema, "Mama, Kiberiti anaumwa goti usiku."

Mguu wake ukasimama kwenye kanyagio. Hakugeuka. Akauliza, "La kushoto?"

Sikuwa nimemwambia ni lipi.

Hakuniuliza jambo jingine. Alichukua kanga, akachukua pesa kwenye kopo la vifungo, tukaondoka, sindano ikabaki imezama kwenye gauni la mtu.

Picha ilionyesha kitu kwenye mfupa, chini kidogo ya goti. Daktari ni mama mmoja mfupi anayezungumza kama anayesoma orodha, lakini alipoiweka picha kwenye taa alisogea hadi pua ikakaribia kuigusa. Kisha akauliza nani aliyeamua tuje sasa, maana wengi huja mwaka mmoja baadaye, kwa machela. Mama akaninyooshea kidole. Nikataka kusema si mimi. Sikujua ningemtaja nani.

Amelazwa. Wamemwanzishia dawa kali, nywele zimekwisha, anasema sasa anafanana na mpira na yeyote atakayempiga kichwa apewe penalti. Baadaye watamfanyia upasuaji. Daktari hakutuahidi. Alisema maneno haya, nimeyaandika hapohapo yasipotee: "Kimegunduliwa kikiwa bado kidogo. Nafikiri tutauokoa mguu, na mwenye mguu nina matumaini naye zaidi." Bata alikwenda chuoni badala yake. Amemletea Kiberiti glavu zake za zamani, zinanuka vibaya sana na hataki zifuliwe.

Mama anasema uje. Alisema hivyo bila kuosha chombo chochote. Alisema shati ameshalikata kwa kukisia, na kama mabega yako yamepungua utajijua mwenyewe. Kiberiti pia anasema uje, ana maswali kuhusu hiyo miguu ya ukutani. Nilimwambia hataihitaji. Akasema, "Nani kasema naihitaji? Nataka kuiona tu."

Nilimuuliza pia, jana, kama bado anashikwa kifundo. Akafikiri. Akasema hapana, tangu siku ile ya picha. Alisema pale chumba cha eksirei, alipoambiwa asitikisike, mkono ulimshika mara ya mwisho, ukakaza, ukaachia. Akalala usingizi kwenye meza ileile ya chuma, hadi wakamwamsha.

Leo mchana Kocha aliniambia nikachukue vitu vyangu stoo. Nilikwenda peke yangu. Mkanda ulikuwa wazi juu ya mkono wa kiti, kama nilivyouacha, na lile tundu la sita lilikuwa bado lipo. Nilifagia. Niliinua mkanda wa zamani kutoka kabatini, nikautoa kwenye gazeti, nikaufutia vumbi, nikauweka kwenye begi langu ili uje uuchukue ukifika. Kisha nilivua viatu, nikakaa kitini, mimi ambaye sijawahi kupiga mpira. Niliweka kibao juu ya kifundo, nikafunga tundu la pili, nikafumbata mikono, nikasukuma mguu wa kushoto na kugeuza shingo kusoma mshale. Ishirini na mbili. Nikapumzika, nikasukuma tena. Ishirini na tano. Ya tatu ilikuwa ishirini na tatu.

Nikafungua mkanda, nikavaa viatu, nikafunga mlango, nikaenda hospitali kumpelekea Kiberiti sabuni na soksi.

Mpwa wako,
Miwani